Marehemu Nesi na Kitabu cha Jumatano

Kiongozi wa ibada, wanafamilia, majirani, wauguzi waliofanya kazi na marehemu, ujumbe wa shule, na ninyi mabinti mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha, familia imemteua mdogo wa marehemu, fundi cherehani, mtoto wa mwisho kwa mama yao, asome historia hii, na kwa kuwa fundi huyu hakuzoea kusimama mbele za watu, na mdomo wake kila mtu hapa mtaani anaujua, mtamvumilia akikwama, na mtamvumilia zaidi asipokwama.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1963, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mabehewa ambako baba yetu alikuwa mchomeleaji, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, ambao watatu wameshatangulia, naye sasa ni wa nne, na inasemekana alilia kwa sauti kubwa hivi kwamba mkunga alimhimiza mama ampe ziwa upesi kabla mafundi hawajadhani king'ora cha zamu kimelia. Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akahitimu mwaka 1976, akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia Januari 1977 hadi Novemba 1980. Ni akiwa kidato cha pili, mwezi Machi 1978, ambapo msichana aliyekaa naye dawati moja aliitwa nje katikati ya somo la jiografia, asirudi tena, hata kalamu yake ikabaki palepale dawatini, na dada alipouliza amekwenda wapi, akaambiwa ashike yanayomhusu. Kalamu ile alikaa nayo miaka, na kila alipoisimulia habari yake alikasirika upya, kama vile imetokea asubuhi hiyohiyo.

Tarehe 12 Januari 1981 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 23 Novemba 1984, na huko ndiko alikopata tabia iliyomfanya awe muuguzi mzuri, na ambayo baadaye ilimponza, maana mkuu wa wodi aliyemfundisha, mama mmoja mwenye miwani minene na hasira za karibu, aliwakazia kwamba kila unachomfanyia mgonjwa ukiandike saa hiyohiyo, kwa wino, bila kufuta. Dada aliishika kauli hiyo kama amri. Aliandika kila kitu, hata nyumbani, ukutani jikoni alikuwa na karatasi ya kuonyesha nani amekunywa dawa ya kifua, vijiko vingapi, saa ngapi, na marehemu shemeji alikuwa akitutania kwamba hathubutu kukoroma, asije akakuta asubuhi ameandikwa.

Shemeji huyo, fundi umeme, alikutana na dada wodini mwaka 1986, alipoletwa na kidole gumba kilichoungua, na kidonda kilipona kwa wiki mbili lakini yeye aliendelea kuja kufungwa bandeji kwa miezi minne, mpaka wauguzi wengine wakaanza kumwachia dada zamu. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili wa kiume, wa kwanza ni dereva wa magari makubwa, wa pili ni mwalimu wa hesabu, nao wote wako hapa mbele yenu, na shemeji alifariki tarehe 6 Agosti 2005 kwa shinikizo la damu.

Kuhusu kazi, dada aliajiriwa katika hospitali ya wilaya tarehe 2 Desemba 1984, akahudumu kwanza wodi ya wazazi, kisha miaka sita katika wodi ambayo wauguzi wenzake mliopo hapa mnaifahamu, ile ya mwisho wa korido, walikokuwa wakiletwa wasichana wadogo waliotoka kutolewa mimba vichochoroni, wengine sketi za shule bado ziko mwilini, na dada alisema kwamba walikuwa wakimuuliza maswali ambayo, kama wangeyauliza mwezi mmoja kabla, mahali fulani, kwa mtu fulani, wasingefika pale. Basi tarehe 21 Oktoba 1996 aliandika barua ya kuomba kuhamishiwa shule ya bweni ya wasichana, kwa mshahara mdogo zaidi, wenzake wakamcheka kwamba anakwenda kugawa vidonge vya kichwa, naye akawajibu kwamba ndiyo, anakwenda kuvigawa.

Aliripoti shuleni tarehe 3 Februari 1997. Chumba chake kilikuwa na vitanda vitatu, mizani, kabati lisilofungika vizuri, na dirisha lililotazama jiko, kwa hiyo mgonjwa alikuwa akijua maharage yameungua kabla mpishi hajajua. Dawa ziliisha kila muhula kabla ya wiki ya nne, na kwa kuwa msichana akija na kichwa, na tumbo, na hata na mawazo, dada alianza kwa kumwambia anywe maji, wasichana wakambandika jina la Kunywa Maji, jina lililomfuata hadi sokoni, naye akalizoea hivi kwamba ukimwita kwa jina la kwenye cheti alichelewa kugeuka. Ipo pia kazi nyingine aliyopewa, ya kuwapima mimba wasichana wote kila shule inapofunguliwa, mmoja mmoja, mlangoni amesimama mwalimu na karatasi, na kazi hiyo aliichukia kutoka moyoni, lakini aliifanya, akisema kwamba afadhali iwe mikono yake kuliko ya mtu asiyejali. Familia haitaficha kwamba hilo nalo lilimsumbua.

Tarehe 14 Januari 2009, kwa ruhusa ya mkuu wa shule wa wakati huo, mama mtu mzima aliyependa mambo yaende kimyakimya, dada alianza vipindi vya Jumatano, saa kumi jioni, mlango umerudishwa, ambapo msichana yeyote aliweza kuja kuuliza juu ya mwili wake na kujibiwa bila kugombezwa. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa mdomo, na mtajionea maajabu, kwamba mtu aliyeandika hata vijiko vya dawa ya kifua hakuomba aandikiwe jambo hilo moja. Walikuja wawili, wakaja sita, ikafika mahali wanakaa hadi sakafuni, wengine wakiuliza kama ni kweli mimba haiingii mara ya kwanza, wengine kama maumivu ya hedhi ni laana, mmoja akiuliza afanye nini na mjomba wa rafiki yake, ambaye dada alielewa mara moja kwamba si wa rafiki. Aliowaona wana shida ya tiba aliwaandikia karatasi ya kwenda kituo cha afya, na wengine aliwasindikiza mwenyewe, kwa nauli yake.

Na wote aliwaandika, maana ndivyo alivyofundishwa, lakini majina aliyaogopa, kwa hiyo akaja kumwomba ushauri mdogo wake, ambaye tangu mwaka 1999 ndiye aliyekuwa akishona sare za shule ile na kutarizi namba ya kila mwanafunzi kwenye kola, kwa uzi mwekundu. Mdogo wake huyo, yaani huyu anayewasomea, akiwa na pini mdomoni, akamwambia aandike namba badala ya majina, kwani orodha ya namba iliyokuwa stoo ilishaliwa na mchwa na mtunza stoo mwenyewe alikwisha kukiri, hivyo mtu akikiona kitabu ataona namba tu, kama bei za nguo. Tulicheka siku hiyo, tukajiona wajanja kweli.

Mambo mawili hatukuyafikiria, na yote mawili tulikuwa tukiyajua. La kwanza, namba ile haikuwa kwenye kola peke yake, ilipakwa rangi pia kwenye ndoo ya kila msichana, ndoo ambayo anasimama nayo bombani kila asubuhi. La pili, msichana akimaliza shule na mdogo wake akachaguliwa palepale, mdogo hurithi ndoo, sanduku na sare, na namba inabaki ileile, na fundi huyuhuyu ndiye aliyekuwa akizipokea sare hizo, anapunguza kiuno, anapandisha pindo, namba anaiacha, kwa sababu kuifumua ni kazi.

Mwaka 2013 shule ilipata mkuu mpya, na mwaka uliofuata likaja shirika lililotaka kujenga chumba kamili cha afya ya uzazi, kuleta dawa na kuingiza somo hilo kwenye ratiba, mradi tu lionyeshwe takwimu kwamba wasichana wanakuja. Dada alikuwa na takwimu za miaka mitano, kwa wino, bila kufutwa. Hatujawahi kumwona na furaha kama wiki ile, alikuwa akipima ukuta kwa hatua na kuonyesha kitanda cha nne kitakaa wapi, na Jumatano tarehe 11 Juni 2014 alikifunga kitabu kwa karatasi ya kaki, akakipeleka mwenyewe ofisini kwa mkuu wa shule, ili idadi zinakiliwe.

Ijumaa tarehe 13 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkuu wa shule alikwenda bombani na kile kitabu mkononi, wasichana wamepanga foleni, kila mmoja na ndoo yake miguuni, akaanza kusoma. Hakuhitaji orodha ya stoo. Alisoma kitabuni, akasoma kwenye ndoo, akasema wewe simama huku, na kengele ya chai ilipomkatisha, hajafika hata nusu ya kitabu, wasichana kumi na wanne walikuwa wamesimama huku, na hadi saa nane mchana walikuwa nje ya geti na masanduku yao na barua zilizosema wamevunja maadili ya shule. Dada alisikia vilio akadhani kuna aliyeungua jikoni, akatoka mbio na boksi la dawa.

Alipokaa na kuhesabu, aligundua kwamba kati ya kumi na wanne, tisa ndio waliowahi kuketi chumbani mwake, na wengi wao kwa maumivu ya hedhi tu, lakini watano hawakuwahi kukanyaga siku ya Jumatano, walikuwa wamerithi namba za wale waliokwisha kumaliza. Alirudi ofisini akaomba wote wasamehewe, akaeleza kwamba kuuliza si kosa, na kwamba wamo wasiohusika kabisa. Mkuu wa shule, ambaye hatumsingizii ukatili, maana alimkaribisha kiti na kumsikiliza hadi mwisho, akamwambia amtajie hao watano, na Jumatatu wataingia darasani.

Ndugu waombolezaji, hapo ndipo maisha ya dada yetu yalipokwama, na hayakukwamuka tena. Kuwataja watano ilikuwa ni kuwatia muhuri wale tisa, na tena ilikuwa ni kuwafichua wenye namba za kwanza, wasichana waliokwisha kuondoka, wengine wameolewa, wengine vyuoni, waliomwamini kwamba yaliyosemwa mle ndani yataishia mle ndani. Mdogo wake alimgombeza vibaya sana, akamwita mkaidi, akamwambia tisa wameshazama, basi aokoe watano, hao tisa watajijua, na walikaa siku nane bila kusemeshana. Jumatatu alikwenda ofisini akasema hatamtaja mtu. Hadi leo mdogo wake hajui ni nani kati yao alikuwa sahihi, na ameacha kujiuliza, maana jibu lolote halimfufui mtu.

Kuanzia Juni hiyo hadi Agosti, kila Jumapili, dada alitembelea nyumba za wale kumi na wanne, nyingine akifukuzwa mlangoni, moja akimwagiwa maji machafu. Kwenye nyumba moja, Jumapili tarehe 22 Juni, mama mwenye nyumba alimkaribisha vizuri, akamtuma binti yake mkubwa alete maji ya kunywa, kisha akamuuliza jambo moja tu, kwamba huyu mdogo, aliyefukuzwa, alikuwa ameandikwa kwa kosa gani. Dada alijua kwamba mdogo hakuwa na kosa wala swali, na kwamba aliyeandikwa kwa namba ile, miaka minne nyuma, ni huyo aliyesimama mbele yake na trei. Kumsafisha mmoja ilikuwa ni kumchafua mwingine, mbele ya mama yao, ndani ya chumba kimoja. Binti mkubwa alikuwa akitazama glasi. Dada akasema kwamba ya wagonjwa hayasemwi, na mama akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kwake hilo lilikuwa jibu tosha.

Yule mdogo aliozwa Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka kumi na sita, na alifariki tarehe 30 Machi 2016 katika uzazi, yeye na mtoto. Dada alikwenda kwenye mazishi, akasimama karibu na uzio, hakumkaribia mtu. Familia isingethubutu kuyasoma haya, lakini mama yule naye ameshafariki, na juzi alasiri binti yake mkubwa alikuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye mkeka, akamwomba fundi ayaseme yote hadharani, jina na namba yake tu ndivyo visitajwe, kwa sababu miaka minane ya kubeba peke yake imemtosha. Tumemshukuru, ingawa tunasema ukweli, ruhusa hiyo imekuja wakati hakuna tena wa kuitumia.

Shirika lile halikurudi. Barua saba za dada kwa bodi ya shule zilijibiwa mbili, zote zikisema suala limefungwa, na hakuna hata mmoja wa wale kumi na wanne aliyerudi darasani, si pale wala kwingine. Tarehe 24 Oktoba 2014, siku ya mahafali, aliitwa mbele akapewa cheti cha shukrani kwa mchango wake katika kubaini utovu wa maadili, watu wakapiga makofi, naye akakipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono hiyo. Ujumbe wa shule umeomba cheti hicho kisomwe hapa leo. Familia inaomba radhi, hakitasomwa.

Aliendelea kufungua chumba kila Jumatano saa kumi, miaka saba, na hakuja mtu. Walikuja siku nyingine, kwa kichwa na kwa mafua, wakijibu ndiyo na hapana huku wakitazama mkono wake kama umeshika kalamu, na kila mwaka wawili, watatu, wakati mwingine watano, walitolewa pale getini na masanduku yao baada ya kupimwa, na kipimo alikishika yeye. Alikuwa akija kwa mdogo wake jioni, anakaa kwenye stuli karibu na cherehani, anaokota vipande vya uzi mwekundu sakafuni.

Mwezi Agosti 2020, akiwa na miaka hamsini na saba, hedhi imeshakoma zamani, alianza kutokwa damu, na mtu aliyewafundisha mamia maana ya dalili hiyo hakwenda kupimwa. Mdogo wake alibembeleza, akalia, akatukana, na dada akajibu kwamba atakunywa maji, akacheka peke yake. Tulikuja kuelewa baadaye kwamba hakuogopa ugonjwa, aliogopa kuandikwa. Tarehe 19 Julai 2021, akiwa hawezi tena kusimama, alikubali kupelekwa hospitali, na alipofika dirisha la mapokezi alimwomba daktari kijana aliyekuwa zamu asiandike jina lake, daktari akadhani ni mzaha wa wauguzi wazee, akacheka, akaandika. Ilikuwa ni saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Alitibiwa kwa mionzi, alilazwa mara tatu, na alifariki Jumamosi tarehe 5 Machi 2022, saa tatu asubuhi, wanawe wote wawili wakiwapo, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Jana jioni ujumbe wa shule ulileta shada la maua, na pamoja nalo, kwa nia njema kabisa, wakaleta kile kitabu, kimefungwa kwenye karatasi yake ileile ya kaki, wakisema ni kumbukumbu ya utumishi wake. Dada alikuwa amekiomba kwa barua mara nne. Mdogo wake hakukifungua, alikata kitambaa cha sare kilichobaki dukani, akashona mfuko, akatia kitabu ndani, akaushona pande zote nne, mara mbili mbili, bila kuacha mdomo, na sasa kiko chini ya kichwa cha dada ndani ya jeneza, na hakuna atakayekisoma tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimkalisha dirishani, majirani mliotuletea viti na mkatupikia, wauguzi wenzake mliofika na sare zenu, waajiri wa wanawe kwa ruhusa ya kazi, na uongozi wa shule kwa usafiri. Wale kumi na wanne, walio hapa na wasio hapa, tunawaomba msamaha, yeye kwa kukipeleka kitabu, na mdogo wake kwa pini iliyokuwa mdomoni siku ile na maneno yaliyopita kando yake.

Na ninyi mabinti mliosimama kule nyuma, ahsanteni kwa kuja. Kola zenu tunaziona hadi hapa, na uzi ni uleule, ingawa anayeshona sasa ni fundi mwingine. Tungependa kuwaambia kwamba mkiwa na shida, au swali, mwende chumba cha nesi, lakini mnajua wenyewe kwamba tangu Julai mwaka jana kimefungwa, vitanda vimepelekwa stoo, na hakuna aliyeajiriwa. Hatuna pa kuwaelekeza. Kunyweni maji, wanangu.

Dada, kazi imeisha, jipumzishe. Na kama huko uendako nako kuna kitabu, basi mwenye nacho asimwazime mtu.